Jibu la Dakika Kumi

Daktari aliyemlaza mgonjwa mezani, sindano ikiwa ndani ya kifua, haulizi maabara swali refu. Atageuza shingo na kusema, “Vipi mama, kuna kitu?” Pembeni yake pana meza ndogo yenye slaidi, hadubini na vikombe vitatu vya rangi. Nimekaa kwenye meza ya namna hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwanza nikichovya slaidi, baadaye nikiwafundisha wengine kuchovya, na nimesikia swali hilo likiulizwa kwa upole, kwa hasira na kwa usingizi. Mgonjwa naye husikia. Yeye hudhani kinachoulizwa ni kama ana kansa. Mara nyingi daktari anauliza jambo dogo zaidi: sindano imegusa penyewe, au nitoboe tena?

Maswali hayo mawili yameishi chumba kimoja tangu mwanzo wa kazi hii. Mtu akiniuliza jibu la dakika kumi linaaminika kiasi gani, namrudishia swali: jibu la lipi?

Vijana wanaokuja mafunzoni hudhani mambo haya yalizaliwa juzi pamoja na mashine za ultrasaundi. Mwaka 1891, huko Baltimore, Marekani, mpatholojia William Welch wa Hospitali ya Johns Hopkins alitakiwa kutoa jibu wakati mpasuaji William Halsted akimfanyia mwanamke operesheni ya titi. Kwa desturi kinyama kilichotolewa kilichukua siku kadhaa: kilowekwe, kiondolewe maji kwa spiriti, kinyweshwe nta, ndipo kikatwe vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga. Welch alikatiza njia. Alikigandisha kwa gesi ya kaboni dayoksaidi, akakikata kikiwa kigumu, akakitazama. Ufundi ulikubali, saa ikakataa. Alipokuwa na jibu mkononi, Halsted alikuwa ameshamaliza kazi yake. Mwaka 1895 Thomas Cullen, wa hospitali hiyohiyo, alichapisha namna ya kugandisha kwa msaada wa formalini, na wengine wakaendelea kujaribu huku na huku. Aliyeifanya iwe kazi ya kila siku alitoka mahali penye baridi kuliko Baltimore.

Louis Wilson alianza kazi katika kliniki ya ndugu wa Mayo, mjini Rochester, jimbo la Minnesota, mwaka 1905. William Mayo, mmoja wa ndugu hao, alimweleza kwamba angetamani watu wa patholojia waweze kuwaambia wapasuaji kama uvimbe ni kansa au la mgonjwa akiwa bado mezani. Ilikuwa Januari. Wilson aliviweka vinyama nje ya dirisha vikaganda vyenyewe, akavikata kwa wembe na kuvipaka bluu ya methilini. Mimi niliyekulia Tanga, ambako umeme ukikatika barafu ya jokofu haifiki jioni, habari hiyo haijawahi kunichosha. Desemba ya mwaka huohuo alichapisha njia yake katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, akiwa ameshaijenga juu ya mashine ya kugandishia badala ya kutegemea hali ya hewa. Jibu lilipatikana kwa dakika chache tu.

Tazama lakini Mayo aliuliza nini. Ni kansa au si kansa, basi. Nikate zaidi au nishone. Aliuliza juu ya titi, tumbo na tezi la shingo, viungo ambavyo mikono yake ilikuwa ndani yake kila siku. Kwa viungo hivyo na kwa swali hilo, kinyama kilichogandishwa kilistahili kuaminiwa, na bado kinastahili. Pafu halikuwemo. Kifua hakikufunguliwa ovyo enzi hizo, maana hewa ya nje ikiingia pafu hunywea. Halafu kansa yenyewe ya mapafu haikuhesabiwa kuwa tatizo. Isaac Adler, daktari wa New York, aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1912, na alianza kwa kujiuliza kama kuna haja ya kuandika kitabu juu ya ugonjwa adimu kiasi hicho.

Waliolifikia pafu mapema waliingia kwa sindano. Mjerumani Ernst von Leyden alifanya hivyo mwaka 1883 akitafuta vijidudu vya nimonia, na mwaka 1886 Mfaransa Pierre Ménétrier akaitambua kansa ya pafu kwa njia hiyohiyo. Hawakupata wafuasi wengi. Pafu lililotobolewa linaweza kuvuja hewa au damu, na siku hizo hata ukiipata kansa hukuwa na la kuifanya. Nani amtoboe mtu kifua ili ampe jina la ugonjwa tu?

Kilichokuja kubadili mambo ni watu wawili watatu walioamua kwamba si lazima kuona kinyama kizima. Mwaka 1927, London, Leonard Dudgeon na Vincent Patrick wa Hospitali ya St Thomas's walieleza jinsi walivyokwangua uso wa uvimbe uliokatwa punde, wakapaka majimaji yake kwenye slaidi kabla hayajakauka, wakatia rangi na kutoa jibu mara moja. Baada ya miaka michache Dudgeon alihamia kwenye makohozi na kutafuta humo seli za kansa ya mapafu. Ng'ambo ya bahari, katika Hospitali ya Memorial ya New York, Hayes Martin na Edward Ellis walichapisha mwaka 1930 habari za kuvuta seli kwa sindano na bomba la kawaida la dawa. Martin alikuwa mpasuaji. Ellis alikuwa fundi wa maabara, mtu wa kupaka na kuchovya kama mimi, na jina lake liko kwenye makala ile sambamba na la daktari. Nawaambia wanafunzi wangu jambo hilo kila mwaka, nao kila mwaka hushangaa. Mwaka 1939 madaktari wa hospitali hiyohiyo, Craver na Binkley, walikuwa wakiandika juu ya sindano ndani ya uvimbe wa mapafu.

Wapatholojia wengi hawakufurahi, na sababu yao ilikuwa ya maana. Aliyezoea kinyama cha nta huziona seli zilivyopangwa, huona pale zilipovuka mpaka wa tishu na kuingia kwa jirani. Kwenye mpako mpangilio huo umekwenda. Unabaki na vishada na seli mojamoja, na inakubidi uamue kwa ukubwa wa kiini, umbo lake, rangi yake na namna seli zinavyoshikamana. Uvamizi, ambao ndio unaoifanya kansa iwe kansa, huuoni. Unaukisia kutokana na sura ya mvamizi. Kwa uvimbe mwingi sura hiyo inatosha kabisa, na kwa mchache inadanganya.

Wakati wao wakibishana, jibu juu ya pafu lilipata uzito ambao halikuwahi kuwa nao. Tarehe 5 Aprili 1933, mjini St. Louis, Evarts Graham aliliondoa pafu zima la kushoto la daktari mwenzake, James Gilmore, kwa ajili ya kansa, na mgonjwa akaishi. Ilikuwa mara ya kwanza. Kinyama kilichochukuliwa kwa bomba kupitia njia ya hewa kilikuwa kimeshaonyesha kansa. Kilichomsumbua Graham mezani ni jinsi ilivyokuwa imekaa: alikusudia kutoa sehemu tu, akalazimika kutoa lote. Gilmore aliishi hadi 1963. Graham, mvutaji wa sigara kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1950 pamoja na kijana Ernst Wynder utafiti mkubwa uliounganisha sigara na kansa ya mapafu, na akafa kwa kansa hiyohiyo mwaka 1957. Ugonjwa ambao Adler aliuonea haya kuuandikia kitabu ulikuwa sasa umejaa wodini.

Wapasuaji walipoanza kufungua vifua kwa wingi, kinyama kilichogandishwa kililifuata pafu thietani, na hapo pafu likaonyesha ukaidi wake. Tishu yake ni vishimo vya hewa tupu. Kulikata likiwa bichi ni kama kukata mkate wa kumimina ungali wa moto: kisu kinakokota, vishimo vinajikunja, na ukitazama hujui kama ukuta mnene unaouona ni ugonjwa au ni pafu lililosinyaa tu. Mashine ya kukatia ndani ya sanduku la baridi, ambayo asili yake ni maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen mwaka 1938, ilisaidia sana ilipoenea mahospitalini baada ya vita. Haikuondoa tatizo lote. Hadi leo swali gumu kuliko yote unaloweza kumpa mpatholojia mwenye kipande cha pafu kilichoganda ni kama kansa changa ya tezi (adenokasinoma) bado imetambaa juu ya kuta za vishimo au imeshaanza kuzichimba. Kuiita kansa anaweza. Kuipima imeingia milimita ngapi, hapo ni bora angoje nta.

Mlango mwingine ulifunguliwa na Shigeto Ikeda wa Tokyo, aliyeuonyesha ulimwengu mwaka 1966 bomba la kutazamia mapafu linalopindika, lenye nyuzi za kioo za kupitisha picha. Kabla yake bomba lilikuwa fimbo ya chuma iliyonyooka, mgonjwa kichwa nyuma, meno hatarini. Schieppati, huko Argentina, alikuwa ameshapitisha sindano kwenye fimbo hiyo mwaka 1949 kufikia tezi za limfu zilizo chini ya njiapanda ya koo la hewa, lakini ni Ko Pen Wang wa Johns Hopkins, kuelekea miaka ya 1980, aliyetengeneza sindano inayopinda pamoja na bomba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wajapani wakaweka ultrasaundi kwenye ncha. Sasa daktari anaiona sindano ikiingia kwenye tezi. Anachopata humo ni tone la damu lenye chembe chache nyeupe.

Kwa tone hilo ndipo meza yetu ndogo ilipovutwa hadi kitandani, na rangi iliyofuatana nayo ina asili ambayo watu wa kwetu wana haki ya kuidai kidogo. Mwaka 1891, mwaka uleule wa Welch, Mrusi Dmitri Romanowsky alichanganya bluu ya methilini na eosini ili amwone mdudu wa malaria, na kiini kikatoka na zambarau ambayo haipatikani kwa rangi yoyote kati ya hizo mbili peke yake. Mchanganyiko wake haukutabirika: leo unakubali, kesho unakataa. Aliyeutuliza ni Gustav Giemsa, mfamasia Mjerumani aliyefanya kazi huku kwetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani, kuanzia 1895 hadi 1898, kisha akaenda taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Hamburg na kutoa rangi yake mwanzoni mwa karne ya 20. Kila Mtanzania aliyewahi kupimwa malaria kwa slaidi amepita mikononi mwa Giemsa. Vikombe vyetu vitatu, methanoli, nyekundu, bluu, chovya mara tano, chovya mara tano, chovya mara tano, ni wajukuu wa kazi hiyohiyo, waliofupishwa ili rangi iive chini ya dakika moja. Mgeni mmoja alipokuja kutufundisha utaratibu huu alitenga muda mrefu kwa ajili ya kuchovya. Mikono ya watu wa malaria ilikuwa imeshaujua kabla hajamaliza kufungua sanduku lake.

Alichosahau kutuonya ni hewa ya pwani. Rangi hii inataka slaidi iliyokauka, tena iliyokauka upesi. Ikikauka polepole seli zinavimba na kuchujuka, kiini kinakosa umbo, na seli ya kawaida inaanza kutazamika vibaya. Masika, na dirisha linaelekea bahari, slaidi inaweza kukaa na unyevu hadi daktari ameuliza mara tatu. Tulijifunza kupaka kwembamba, kupepea, kuweka feni ndogo mezani. Hakuna kitabu cha Ulaya nilichokiona kikitaja feni, ingawa kwa maoni yangu uaminifu wa jibu kwenye meza yetu ulianzia hapo, kabla ya elimu yoyote ya seli.

Basi makosa yenyewe ni yapi? Kwanza yale ya kuogofya, kuita kansa kitu kisicho kansa. Ni nadra, na mara nyingi hutoka kwa seli za njia ya hewa zilizoghadhibika. Mtu mwenye pumu au maambukizi ya siku nyingi hutoa vishada vya seli vilivyobanana, viini vikubwa, sura ya kutisha. Wazee wa kazi walituachia kinga: sogeza lenzi, tafuta vinywele kwenye ukingo wa seli. Seli yenye vinywele vya kufagilia bado inafanya kazi yake ya kuzaliwa, usiiite kansa. Nimeona kinga hiyo ikiokoa watu, na nimeona pia mtu mwenye haraka akisahau kuitafuta.

Halafu kuna kifua kikuu. Hapa kwetu kivuli kwenye eksirei hupewa dawa za kifua kikuu kwanza, na mwenye kansa anaweza kuzimeza miezi kadhaa kabla ya mtu kushuku. Kwenye slaidi mambo hugeuka upande wa pili pia. Seli za ulinzi zinazouzunguka ugonjwa huo ni ndefu, zimejikusanya, na kwa jicho changa huonekana ngeni. Kuna limfosaiti ambazo sindano au kidole kizito kimezikamua zikawa nyuzi za zambarau, na kansa ya seli ndogo nayo hukamuka vivyo hivyo. Ukiona nyuzi tupu, usiseme kitu. Omba sampuli nyingine, na sehemu yake peleka kwa wenzako wa kifua kikuu, kwa sababu mgonjwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili.

Kosa la kawaida kabisa ni lile lisilo na kelele: jibu la “hakuna kitu” ilhali kitu kipo, sentimita moja pembeni ya sindano. Hapo hadubini haina hatia. “Hakuna” ya mezani haikupaswa kamwe kumaanisha kwamba mgonjwa ni mzima. Maana yake ni kwamba kwenye slaidi hii hakuna. Ndugu wa mgonjwa akiisikia mlangoni, hubeba nyumbani maana ile nyingine.

Watu walidhani kuwapo kwetu kitandani kutaongeza sana idadi ya wanaogunduliwa. Majaribio ya kulinganisha yaliyofanywa Italia na Japani, yaliyochapishwa 2011 na 2013, yalitushusha mabega kidogo: wagonjwa waliopata jibu la mwisho hawakuzidi kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni kutobolewa zaidi. Daktari aliyeambiwa “ipo, inatosha” aliacha. Wapo wenzangu walioyasoma matokeo hayo kama kushindwa. Mimi nilifurahi, maana ndivyo ilivyokuwa kazi yetu tangu awali, na kumpunguzia mtu mashimo ya kifua si jambo dogo.

Kisha swali likabadilika tena bila kutuaga. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kansa za mapafu zenye hitilafu fulani katika jeni ya EGFR huitikia vidonge maalumu, na toka hapo orodha ya jeni za kutafutwa imerefuka. Jina “kansa” halimtoshi tena daktari. Hata “kansa ya tezi” halimtoshi. Anahitaji seli zibaki za kupimwa jeni. Kwa hiyo mtu wa rangi, ambaye zamani alisifiwa kwa kupaka slaidi nyingi na nzuri, leo anaweza kuwa mharibifu: kila tone analolipaka ni tone lililopungua kwenye chupa ya formalini. Sasa nafundisha kupaka slaidi moja, mbili zikizidi, kisha sindano isuuzwe chupani ili kitakachotuama kigeuzwe bonge la nta. Na kwenye thieta, kinyama kilichogandishwa kimepata kazi ambayo Wilson hakuiota. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2023, kuhusu uvimbe mdogo usiozidi sentimita mbili, wapasuaji walihitaji kwanza kuthibitishiwa palepale kwamba ni kansa na kwamba tezi za limfu ziko safi, ndipo mgonjwa apangiwe kuondolewa sehemu nzima ya pafu au kipande kidogo tu. Kipande kidogo hakikuwa kibaya zaidi kwa maisha ya mgonjwa. Graham alitoa pafu zima. Leo jibu la dakika chache juu ya tezi ndogo linaweza kumwachia mtu karibu pafu lake lote.

Nikiulizwa sasa na daktari kijana kama aamini, humwonyesha daftari. Lina safu mbili, jibu la mezani na jibu la nta, na mwisho wa mwezi wanaohusika huketi na kuzisoma kwa pamoja. Kwenye “kansa au si kansa” safu hukubaliana karibu ukurasa mzima. Kwenye aina ya kansa huanza kuachana, hasa pale mtu alipoandika kwa kujiamini kuliko seli zilivyomruhusu. Na zile “hakuna” zilizogeuka kuwa “ipo” huwa tunazipigia mstari mwekundu na kutafuta slaidi zake kabatini. Tukizitazama upya, nyingi kweli hazina kitu, na hapo mazungumzo yanahamia kwa aliyeshika sindano, ambaye siku ya kikao, kwa bahati mbaya, huwa ana mgonjwa wa dharura.